Kufumbua Lisilofumbwa: Ufasiri wa Matini za Nyimbo za Roki Nchini Marekani, 1963–1998

Utangulizi

Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataligangua. Methali hii, ambayo aghalabu hutajwa na wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wanapoeleza uhusiano wa mtunzi na hadhira yake, inachukulia mambo mawili kuwa dhahiri: kwamba fumbo lipo, na kwamba yupo aliyelifumba. Insha hii inachunguza historia ambamo hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwa na uhakika. Tangu miaka ya 1960, muziki wa roki umewapa wapelelezi, maseneta, mawakili na wagombea urais wa Marekani kazi ya uhakiki ambayo hawakuisomea. Walisikiliza, wakaandika walichodhani wamekisikia, wakafasiri. Na ufasiri wao ukawa na matokeo. Mhakiki wa darasani akikosea hupoteza alama. Hawa walipofasiri, santuri ziliondolewa redioni na wanamuziki wakafikishwa mahakamani kujibu kuhusu vifo vya watu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba migogoro hiyo haikuhusu maneno peke yake, hata pale ambapo wahusika wenyewe waliamini hivyo. Kilichogombaniwa kila mara ni uhusiano wa maneno na sauti inayoyabeba. Simon Frith (1996) amekwisha kuonyesha kwamba msikilizaji wa wimbo hasikii maneno kwanza kisha muziki. Husikia mtu anayesema kwa namna fulani. Tofauti ya insha hii na kazi ya Frith ni kwamba hapa suala hilo linafuatiliwa kama historia: ni nani alifasiri, alitumia mbinu gani, na alitaka nini. Katika uchambuzi nitatumia istilahi mbili zilizozoeleka katika uhakiki wetu, yaani nafsineni, kwa maana ya anayesema ndani ya wimbo na ambaye si lazima awe mtunzi wala mwimbaji, na upeo wa matarajio, kama ulivyoelezwa na Hans Robert Jauss katika Nadharia ya Upokezi.

Kwa kuwa haki za matini hizi zimehifadhiwa, na kwa kuwa lengo si kuzichapisha upya, nyimbo zimeelezwa kwa muhtasari bila kunukuliwa.

Jalada la wapelelezi

Mwaka 1955 Richard Berry, mwimbaji Mwafrika-Mmarekani wa Los Angeles, alitunga wimbo mwepesi uitwao "Louie Louie", akautoa kwenye santuri mwaka 1957. Nafsineni ni baharia. Anazungumza na mwuza baa, anamweleza kwamba yupo msichana anayemngoja Jamaika na kwamba ni lazima aanze safari ya kurudi kwake. Hakuna zaidi ya hapo. Katika toleo la Berry maneno yote yanasikika vizuri.

Mwezi Aprili 1963 bendi ya vijana iliyoitwa The Kingsmen iliurekodi wimbo huo Portland, Oregon. Mwimbaji, Jack Ely, alikuwa na vyuma vya kunyooshea meno, na maikrofoni ilikuwa imening'inizwa juu kiasi kwamba alilazimika kuinua kichwa na kupaza sauti kuelekea darini ili asikike mbele ya magitaa na ngoma. Kilichotoka ni sauti yenye nguvu isiyo na silabi. Santuri ilipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya Billboard, na kadiri ilivyosambaa ndivyo uvumi ulivyosambaa pamoja nayo: kwamba maneno yasiyosikika ni matusi.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 Gavana wa Indiana, Matthew Welsh, aliutangaza wimbo huo kuwa wa aibu na kuvitaka vituo vya redio vya jimbo lake visiupige. Mzazi mmoja alimwandikia Mwanasheria Mkuu, Robert Kennedy, akilalamika. Shirika la upelelezi la FBI likafungua jalada chini ya sheria inayokataza kusafirisha vitu vya aibu kutoka jimbo moja hadi jingine, na kwa muda unaozidi mwaka mmoja maofisa wa ofisi mbalimbali walikusanya nakala za santuri na karatasi zilizokuwa zikipita mikononi mwa wanafunzi, kila moja ikidai kuwa na maneno halisi. Maabara ya shirika iliicheza santuri kwa kasi tofauti. Mwishowe ikaripoti kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote, na kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba ni ya aibu.

Dave Marsh (1993), aliyeandika kitabu kizima kuhusu wimbo huu, analisoma jalada hilo kama kichekesho, na ni vigumu kutomuunga mkono. Hata hivyo, kwa mtafiti wa upokezi jalada lina thamani nyingine. Wapelelezi hawakukosa matini. Maneno ya Berry yalikuwa yamesajiliwa kisheria na mmiliki wa haki alikuwa tayari kuyatoa. Toleo la mwaka 1957, ambalo mtu yeyote angeweza kulifuata neno kwa neno, lilikuwapo. Kilichokosekana ni imani kwamba matini iliyosajiliwa ndiyo inayoimbwa. Upeo wa matarajio ulikuwa umekwisha kujengwa na uvumi, na sikio lililotayarishwa kusikia tusi lilisikia tusi. Inashangaza pia kwamba mtu mmoja aliyeweza kulimaliza suala hilo kwa dakika tano, yaani Ely mwenyewe, hakuwahi kuhojiwa. Wasikilizaji wengi wanashikilia kwamba santuri ile kweli ina tusi moja, lililomtoka mpiga ngoma karibu na sekunde ya hamsini na nne, na kwamba wataalamu wa maabara walilipita bila kuligundua kwa kuwa walikuwa wakilitafuta kwa mwimbaji.

Zile karatasi za wanafunzi zinastahili neno moja zaidi. Waliozoea kushughulika na miswada ya tenzi wanajua tatizo la nakala zinazotofautiana, ambapo mnakili amekosea, ameongeza beti, au amesahihisha alichodhani ni kosa. Lakini mnakili wa utenzi ana nakala mbele yake au kichwani. Wanafunzi wa Indiana walikuwa na kelele tupu, na kutokana na kelele hiyo wakatunga matini kamili zenye mizani na vina, kisha wakaziamini kuwa ni za mtu mwingine. Huu si ufasiri. Ni utunzi uliokataa kujitambua kuwa utunzi.

Seneti na mahakama

Tarehe 19 Septemba 1985 Kamati ya Biashara ya Seneti ya Marekani ilisikiliza hoja za kikundi cha wazazi cha PMRC, kilichotaka santuri zenye maneno machafu au ya ukatili ziwekewe alama ya onyo. Kikao hicho kimeandikwa sana na sitakirudia chote. Lenye umuhimu hapa ni kwamba wanamuziki wawili walisimama mbele ya maseneta na kujitetea kama wahakiki. Dee Snider wa Twisted Sister alieleza kwamba "Under the Blade", uliokuwa umefasiriwa kuwa wimbo wa mateso ya kingono, aliutunga kuhusu hofu ya upasuaji, baada ya mpiga gitaa wa bendi yake kufanyiwa upasuaji wa koo. Na akaongeza kwamba ayaonaye mateso ya kingono humo ameyaleta mwenyewe. John Denver, mwimbaji ambaye hakuna aliyemdhania ubaya, alikumbusha kwamba "Rocky Mountain High" wa mwaka 1972 ulizuiwa na baadhi ya vituo vya redio kwa kudhaniwa kuwa unasifu dawa za kulevya, ilhali ulihusu furaha ya kulala milimani chini ya nyota.

Utetezi wa Snider una udhaifu ambao wahakiki wachache wameutaja. Anadai haki ya mtunzi kuamua maana, na papo hapo anakiri kwamba aliuandika wimbo kwa taswira zilizo wazi kiasi cha kila msikilizaji kuingiza hofu yake. Madai hayo mawili hayakai nyumba moja. Iwapo taswira ziko wazi, basi msikilizaji aliyeona mateso ana haki sawa na aliyeona kitanda cha hospitali. Snider alikuwa sahihi kuhusu uhuru wake wa kuimba. Kuhusu nadharia ya maana aliteleza.

Mahakamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwezi Oktoba 1984 kijana wa miaka 19 wa California alijiua baada ya kusikiliza santuri za Ozzy Osbourne kwa saa kadhaa. Wazazi wake waliishtaki kampuni ya CBS na Osbourne, na kesi yao ikaegemea zaidi wimbo "Suicide Solution" wa mwaka 1980. Jina la wimbo huo limejengwa juu ya neno moja la Kiingereza lenye maana mbili: ufumbuzi wa tatizo, na kimiminika kilichoyeyushiwa kitu ndani yake. Wazazi walisoma maana ya kwanza. Osbourne alisema ni ya pili, kwamba kimiminika hicho ni pombe, na kwamba alimfikiria Bon Scott wa AC/DC aliyekuwa amefariki mwezi Februari mwaka huohuo. Naye Bob Daisley, mpiga gitaa la besi ambaye ndiye aliyeandika maneno, ameeleza kwamba mlevi aliyemkusudia alikuwa Osbourne mwenyewe. Hivyo hata tukikubali kwamba maana ni nia ya mtunzi, tunabaki na swali la mtunzi yupi. Aliyejulikana na umma hakuwa mwandishi, na mwandishi alikuwa akimwonya mwimbaji kwa kinywa cha mwimbaji.

Mahakama ya rufaa ya California iliikataa kesi hiyo mwaka 1988. Kiini cha uamuzi wake, kwa maneno yangu, ni kwamba mtu mwenye akili timamu huelewa kuwa maneno ya wimbo ni lugha ya kitamathali, na hayawezi kuchukuliwa kama amri iliyotolewa kwa msikilizaji fulani wakati fulani. Kwa mwanafunzi wa fasihi uamuzi huo unaburudisha: majaji wamesema yale tunayoyafundisha kidato cha tano. Matokeo yake, hata hivyo, hayakutarajiwa. Maneno yakisha kulindwa na katiba, anayetaka kushtaki wimbo hulazimika kutafuta pengine.

Ndivyo ilivyotokea Reno, Nevada. Mwezi Desemba 1985 vijana wawili wa mji jirani wa Sparks walijipiga risasi baada ya kunywa pombe, kuvuta bangi na kuisikiliza albamu ya Judas Priest ya mwaka 1978, Stained Class. Mmoja alikufa palepale. Mwenzake aliishi na majeraha ya kutisha usoni, akafa mwaka 1988. Madai ya mwanzo yalihusu maneno ya nyimbo. Ilipodhihirika kwamba maneno yanalindwa, madai yakahamia kwenye sauti zilizofichwa: kwamba ndani ya "Better by You, Better than Me", wimbo ambao Judas Priest hata hawakuutunga kwani ni wa bendi ya Spooky Tooth, ilitiwa kwa siri sauti isemayo "fanya", isiyosikika kwa masikio lakini inayofika akilini. Kesi ilisikilizwa katika majira ya joto ya mwaka 1990 mbele ya Jaji Jerry Carr Whitehead, bila wazee wa baraza. Rob Halford, mwimbaji, aliimba kizimbani ili kuonyesha jinsi anavyotoa pumzi. Vilevile aliichezea mahakama vipande vya albamu hiyo kinyumenyume na kutoa humo sentensi za kipuuzi kabisa, ili kudhihirisha kwamba atafutaye maneno katika kelele huyapata.

Jaji aliamua kwamba sauti iliyodaiwa ilitokana na pumzi ya mwimbaji na mlio wa gitaa vilivyokutana kwa bahati, na kwamba hapakuwa na nia. Ni hukumu sahihi. Lakini tusipite haraka kwenye msiba uliokuwa nyuma yake. Familia zile zilikuwa zimezika watoto, na zilitaka kuambiwa kwamba kifo kile kilikuwa na mwandishi. Fumbo lililofumbwa kwa makusudi lingekuwa na mfumbaji wa kulaumiwa. Pumzi na gitaa havina.

Kibwagizo na beti

Nimeuacha hadi hapa wimbo ambao kitarehe unatangulia kikao cha Seneti, kwa sababu katika wimbo huu maneno yalisikika wazi, mtunzi alijulikana, hapakuwa na tuhuma ya kitu kilichofichwa, na bado ufasiri uligawanyika vipande viwili.

"Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen ilitoka kwenye albamu ya jina hilohilo mwezi Juni 1984. Nafsineni ni mwanamume wa mji mdogo uliokufa kiuchumi. Anaingia matatani na sheria, anatiwa bunduki mkononi na kupelekwa Vietnam. Akirudi, kiwanda cha kusafishia mafuta hakimwajiri, na ofisa wa masuala ya wapiganaji wa zamani hana la kumsaidia. Nduguye alipigana Khe Sanh na hakurudi. Miaka kumi baadaye nafsineni yungali anazunguka, hana pa kwenda. Kila baada ya ubeti linarudi tamko la kibwagizo kwamba amezaliwa Marekani.

Neno hilo "ndugu" lahitaji maelezo. Katika Kiingereza haijulikani kama ni kaka wa damu au mwenzake wa vita, na wafasiri wa lugha kadhaa hulazimika kuchagua. Kiswahili hakilazimiki: ndugu yetu hubeba yote mawili, na kwa Mtanzania aliyekulia katika siasa ya Ujamaa hubeba na la tatu. Nitaongeza kwa ajili ya wanahistoria kwamba Springsteen amewaweka Vietcong Khe Sanh, ilhali mzingiro wa mwaka 1968 uliendeshwa zaidi na jeshi la kawaida la Vietnam Kaskazini. Kosa hilo ni la nafsineni au la mtunzi? Kwa mtu aliyepewa habari za kifo cha nduguye kwa mkato, sioni kuwa ni kosa.

Tarehe 13 Septemba 1984 mwandishi wa safu George Will, aliyekuwa amehudhuria onyesho la Springsteen, alilisifu katika magazeti kama ushuhuda wa bidii na uzalendo. Siku sita baadaye Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni Hammonton, New Jersey, jimbo la nyumbani la mwimbaji, alimtaja Springsteen kama mtu ambaye nyimbo zake zina ujumbe wa matumaini kwa vijana wa Marekani. Tarehe 21 mwezi huohuo, akiwa jukwaani Pittsburgh, Springsteen alimjibu kwa kejeli ya upole, akijiuliza ni albamu ipi Rais anaipenda, kisha akapiga "Johnny 99", wimbo wa mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani na kuishia kuua.

Simulizi iliyozoeleka inaishia hapo: Rais hakusikiliza beti, akachukua kibwagizo, akakosea. Simulizi hii hupendwa darasani kwa kuwa inamfanya mhakiki mshindi kwa urahisi. Mimi naiona pungufu. Kwanza, inadhani kwamba beti ndizo maana na kibwagizo ni pambo, ilhali yeyote aliyewahi kuketi katika hadhira ya taarab anajua kwamba mtu huinuka kwenda kutunza kwa sababu ya mstari mmoja tu uliomgusa au unaomgusa hasimu wake, na kwa mstari huo wimbo mzima hugeuka wake. Pili, kibwagizo hicho hakikuimbwa kwa unyonge. Kinanda cha Roy Bittan kinarudia mlio mmoja kama baragumu, ngoma za Max Weinberg zinapigwa kama mizinga ya sherehe, na maelfu ya watu uwanjani walikiimba kwa ngumi zilizoinuliwa. Cowie na Boehm (2006) wamehoji, kwa haki, kwamba mgongano huu wa muziki wa ushindi na hadithi ya kushindwa ndio mwili wenyewe wa wimbo: mfanyakazi aliyenyang'anywa kila kitu amebakiwa na kauli ya utaifa tu, na anaipaza kwa sababu hana kingine. Nakubaliana nao, ila ningeongeza kwamba kinaya cha namna hii kina gharama. Anayetumia sauti ya gwaride kulia hana budi kutarajia kwamba wengine wataandamana.

Asili ya wimbo inaunga mkono usomaji wa huzuni. Springsteen hakwenda Vietnam. Alikataliwa katika uchunguzi wa kiafya. Bart Haynes, mpiga ngoma wa bendi yake ya ujanani, alikwenda na akauawa mwaka 1967. Mwezi Agosti 1981 Springsteen alifanya onyesho Los Angeles kuchangia chama cha wapiganaji wa zamani wa Vietnam, na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1982, akaurekodi wimbo huu nyumbani kwa gitaa, wakati uleule alipokuwa akirekodi nyimbo za albamu yake ya Nebraska. Toleo la bendi lilifuata mwaka huohuo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu linagusa kazi yetu. Tasnifu nyingi za nyimbo katika idara zetu, zikiwamo zilizo bora, hufuata njia moja: mtafiti husikiliza, hunukuu maneno, huyapanga beti kwa beti kwenye kiambatisho, kisha huchambua kiambatisho. Vyombo vya udhibiti hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2018, orodha ya nyimbo zisizofaa iliyotoka BASATA ilipofikishwa redioni kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, suala lilikuwa maneno. Kwa njia hiyo "Born in the U.S.A." ungekuwa wimbo rahisi kabisa: malalamiko ya mwanajeshi, mstari kwa mstari, na Reagan angebaki mjinga wa methali. Sauti iliyomwezesha Rais kuutaja bila aibu isingekuwamo kwenye data.

Mtunzi mwenyewe ndiye aliyerudi kwenye suala hilo. Katika ziara aliyoianza mwaka 1995 Springsteen aliupiga wimbo huo peke yake, bila bendi, bila kinanda, kwa gitaa moja lenye mlio mkali wa kuburuzwa, na hapakuwa na uwanja wa kuinua ngumi. Mwezi Novemba 1998 alitoa mkusanyo wa Tracks, ambamo imo ile rekodi ya nyumbani ya mwaka 1982. Tangu hapo msikilizaji anaweza kuzisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine. Katika ile ya nyumbani kibwagizo kinatoka chini chini, kama maneno ya mtu aliyekwisha kuyasema katika ofisi nyingi na hatarajii tena kujibiwa.